Joto la Mtoto na Joto la Jiwe

Watu wakinisikia nikisema nilimlea mtoto wangu kwa mawe hucheka, halafu huniangalia vizuri kuona kama uzee umeanza kunichezea akili. Wacheke tu. Mimi nilikuwepo, wao hawakuwepo. Ilikuwa Sekei, enzi za Mwingereza, wakati Sekei yenyewe ni migomba, mibuni na vijia vya mbuzi, na mji wa Arusha uko kule chini, unausikia zaidi ya kuuona. Leo ukipita pale nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta. Siku zile ungeweza kupiga yowe asikusikie mtu.

Mimi si mtu wa pale. Nilizaliwa Machame, upande wa Kilimanjaro, nikaolewa na kijana wa kwetu aliyekuwa amepata kazi ya upishi kwa Wazungu wawindaji. Mwanamume mpole, mcheshi, anayejua kuoka mkate kwenye shimo la makaa katikati ya pori. Lakini kazi ile ilikuwa ya kuondoka. Magari yanapakiwa mahema na masanduku, wanakwenda zao huko nyikani, mwezi, miezi miwili, mitatu, kutegemea Mzungu amekuja na hamu kiasi gani ya kuua wanyama. Mimi nabaki na nyumba ya udongo, shamba dogo la kukodi, na ukimya. Upweke ule sitaki kuupamba. Ulikuwa unauma, basi. Kuna siku nilikuwa naongea na sufuria.

Na lugha nayo. Kwetu tuliongea Kichaga cha Machame. Majirani wote walikuwa Waarusha, wanaongea Kimaasai chao. Kiswahili tulikikuta kanisani na sokoni, kila mtu akakichukua kwa namna yake. Jirani yangu wa karibu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mjane, mwenye mbuzi. Nilimwita yeyo, maana ndivyo kule wanavyomwita mama, ingawa mwanzoni nilimwita hivyo mdomoni tu. Mbuzi wake walikuwa wamekula maharage yangu yote ya msimu wa kwanza. Nilikwenda kwake nikamfokea kwa Kichaga, naye akanifokea kwa Kimaasai, tukafokeana mpaka tukachoka, kila mtu akaenda zake. Baada ya hapo tulikuwa tukisalimiana kwa kichwa.

Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, mvua za masika zilipokwisha na baridi ya mlimani ikaanza. Aliyeishi chini ya Meru anaijua baridi ile. Ukungu unateremka alfajiri, unakaa juu ya migomba, jua hulioni, na nguo uliyofua Jumatatu unaivaa Ijumaa ikiwa bado na unyevu. Uchungu ulinishika nikiwa nakata majani ya mgomba. Kwa hesabu yangu bado nilikuwa na safari ndefu, kwa hiyo kwanza nilikataa kuamini, nikaendelea kukata. Ulipokuja wa pili nikaanguka magoti, nikapiga kelele. Aliyesikia ni yule yule mwenye mbuzi.

Alinizalisha bila maneno mengi. Alikuwa na mikono ya mtu aliyekwishafanya kazi ile mara nyingi. Mtoto alikuwa msichana. Alienea kwenye viganja vyangu viwili na nafasi ikabaki. Hakulia, aliguna tu, na miguu yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Yeyo alimpaka samli, akamfunga kitambaa, akamgusa miguu, akamgusa tena, akatikisa kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo lilinifanya nijaribu kuinuka na damu yangu yote ile. Alikwenda mekoni, akaitoa sufuria, akashika vipande vya ganda la mgomba mikononi, akaling'oa figa langu moja.

Hapa lazima nieleze. Mafiga ni yale mawe matatu yanayobeba chungu, na kwetu hayang'olewi hovyo. Nyumba ikivunjika, mke akifukuzwa, mwenye nyumba akifa, ndipo mafiga huondolewa. Mume akiwa safarini ndiyo kabisa usiyaguse, maana kumng'olea figa ni kumwambia asirudi. Yale matatu aliyaleta mume wangu mwenyewe siku tulipohamia, mawe meusi, mazito, akayapanga kwa mikono yake huku akinitania kwamba sasa sina pa kukimbilia. Na huyu mama anayang'oa kama viazi! Aliliacha pembeni kidogo lipungue ukali, akalifunga kwenye shuka yake mwenyewe, akalilaza kando ya mtoto. Mimi nilikuwa sina nguvu hata ya kutukana. Baada ya muda miguu ya mtoto ikabadilika rangi.

Mtauliza kwa nini sikwenda hospitali. Hospitali ilikuwepo, kule mjini. Lakini kumtoa mtoto wa namna ile kwenye ukungu ule, nimbebe mimi niliyejifungua sasa hivi, kwa miguu, kwenye tope, ilikuwa ni kumwua njiani. Yeyo alisema hivyo kwa Kiswahili chake, na mimi niliona hivyo hivyo. Kifua changu nacho kilikuwa na joto, ni kweli, na nilimlaza pale kila nilipoweza. Lakini kuni hazijileti, maji hayajichoti, na nilikuwa peke yangu. Kila nilipomweka chini ilibidi apate kitu cha kumshikia joto mpaka nirudi.

Yeyo alipoondoka, nilitambaa mpaka mekoni nikalirudisha figa mahali pake. Ndiyo. Mtoto wangu anahitaji joto, na mimi narudisha jiwe ili mume wangu asipotee porini. Leo mtanishangaa, ila mimi ndivyo nilivyofundishwa, na sikuwa na mtu wa kuniambia vingine. Nikasema nitatafuta mawe mengine. Nyuma ya migomba ulipita mfereji unaoleta maji kutoka mto Themi, hatua chache tu kutoka mlangoni, na chini ya maji yale kulikuwa na mawe mazuri ya mviringo, laini. Nikaokota ya kunitosha, nikayatupa motoni.

Loo! Nilikuwa nimeinama napuliza moto, jiwe la kwanza likapasuka kwa mlio wa bunduki. Vipande viliruka mpaka kwenye paa. Kimoja kilitua kwenye mkeka, shubiri moja kutoka kichwani kwa mtoto, kikaanza kuunguza ukili. Nilimfunika kwa mwili wangu huku la pili linapasuka. Jiwe lililokaa majini limekunywa maji, na maji yale yakichemka ndani hayana pa kutokea. Sikulijua hilo. Nililijua siku ile, nikiwa nimelala juu ya mwanangu.

Basi nikachukua mawe madogo ya ukavuni, kutoka kwenye kuta za nyumba moja ya zamani iliyobomoka. Hayo hayakupasuka, ila yalikuwa na tabia mbaya. Unaliweka motoni, mara limeshakuwa la moto. Unalifunga kitambaa, unalilaza kwa mtoto, unakwenda kukata kuni, unarudi limeshapoa. Nikawa mtumwa wa mawe. Sikai, silali, sili sawasawa. Nakamua maziwa yangu kwenye kikombe, namdondoshea kwa kijiko, tone baada ya tone, halafu jiwe, halafu kuni, halafu jiwe.

Siku moja, kwa kuchoka, nilitafuta njia ya mkato. Nilikuwa nimelisahau jiwe moja motoni kupita kiasi, jiwe kubwa kidogo kuliko mengine, na sikutaka kungoja lipoe. Nikalichovya kwenye ndoo. Likapiga kelele, likatulia. Nikaligusa kwa kiganja, likawa vuguvugu zuri kabisa. Nikafurahi, nikajiona mjanja, nikalifunga na kulilaza kwa mtoto, nikaketi kukamua. Haukupita muda nikasikia harufu ya kitambaa kinaungua. Nilipolivuta lile jiwe lilikuwa linachoma tena, kama vile halijawahi kuona maji! Ule ubaridi ulikuwa wa ngozi tu. Ndani moto ulikuwa umekaa unasubiri, ukatoka taratibu ukaja juu. Mtoto alibaki na alama nyekundu pajani. Nililia siku ile mpaka nikakosa sauti, na hakuna aliyekuja kuniuliza unalia nini.

Maana watu hawakuja. Hilo ndilo lililoniuma kuliko baridi. Kwetu mwanamke akizaa nyumba hujaa. Unaletewa mtori wa ndizi, unaletewa maziwa, wanawake wanakuimbia, wanakusema, wanakuchekesha mpaka kidonda kinauma. Mimi nilikuwa na uzazi wa kwanza na mlango umefungwa. Wanawake wa kanisani walijua. Walituma salamu kwamba wananiombea. Lakini kumpongeza mama ambaye mtoto wake bado yuko kizingitini, waliona ni kama kumdhihaki, kwa hiyo walingoja. Wote walikuwa wanangoja, na nilijua wanangoja nini.

Yeyo peke yake ndiye aliyekuja, naye alikuwa haingii. Baada ya siku ile ya kuzaa hakumgusa mtoto tena. Alinieleza kwamba mtoto ambaye hajakaa, yaani hajajulikana kama atabaki duniani, habebwi na mtu mwingine wala habarikiwi, mpaka ionekane amekaa. Sijui kama ni mila ya Waarusha wote au ni yake mwenyewe. Alisimama mlangoni na tumbaku yake ya kunusa, akaweka kibuyu cha maziwa chini, akauliza swali lile lile kila mara.

"Moto ya mtoto, ama moto ya jiwe?"

Mara ya kwanza nilimjibu kwa hasira kwamba mtoto ni wa moto, anatosha, haogopi mtu. Akarudia swali lake, akaenda zake. Nikabaki nalo. Na tangu hapo lilinitesa kuliko mawe yenyewe, kwa sababu nilikuwa sina jibu. Kila nilipomgusa mwanangu alikuwa na joto, lakini kila nilipomgusa, jiwe nalo lilikuwa pale. Lile joto ni la nani? Analitengeneza mwenyewe, au amelazwa tu pale akalipata, sawa na mkeka, sawa na kitambaa? Njia ya kujua ilikuwa moja: yaondoe mawe, ungoje, uone. Ni mama gani atafanya hivyo?

Mkono nao si shahidi mzuri, nikaja kuligundua hilo pia. Nikitoka mferejini na vidole vilivyokufa ganzi, mtoto alikuwa anachoma. Nikitoka mekoni, mtoto yule yule alikuwa baridi. Nikaacha kuamini mikono. Nikawa namgusa kwa midomo, chini ya sikio.

Kisha akaja mwinjilisti. Kijana mpole mwenye koti linalomzidi, alipanda kutoka kanisani na mwavuli na kitabu chake cha nyimbo. Aliketi, akakohoa, akazungukazunguka kwanza kwa habari za kahawa na za hali ya barabara. Hatimaye akasema ingekuwa vyema mtoto abatizwe hapa hapa nyumbani, ubatizo wa dharura, ili aende akiwa na jina.

"Aende wapi, mwalimu?" nikamwuliza.

Aliinamisha macho. Nilimwonea huruma, maana aliyemtuma alimtuma kazi ngumu, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko huruma. Nikakubali kwa shingo upande, kwa sababu nililelewa kumwogopa Mungu. Akaomba maji. Nikamwelekeza mferejini. Alirudi na bakuli, nikatia kidole, yalikuwa yanakata. Nikamwambia hata tone moja la maji yale halimgusi mwanangu. Akaanza kunieleza kwamba ni kidogo tu, kwenye paji la uso. Nikamwambia angoje. Nilichukua kijiwe kutoka motoni nikakitia kwenye bakuli la ubatizo mbele ya macho yake. Maji yakachemka upande, yakatulia, nikayapima kwa kiwiko, nikaongeza kidogo ya baridi, nikampa. Aliyapokea, nami namheshimu kwa hilo. Alimbatiza. Nililitaja jina, na baada ya hapo sikulitamka tena kwa muda mrefu, maana niliogopa kulizoea.

Asubuhi iliyofuata usingizi ulikuwa umenipitia. Nilimkuta mwanangu amepoa. Mawe madogo yalikuwa yamekufa zamani, naye alikuwa kimya, amelegea, midomo yangu haikupata joto mahali popote. Nilimtia kifuani ndani ya nguo, nikamsugua mgongo, nikampulizia pumzi, nikamsema. Nilimsema kweli, kwa Kichaga, maneno ambayo mama hasemi mbele ya watu. Akaguna. Baadaye sana akaguna tena.

Nilipoweza kusimama, nilikwenda mekoni nikayatazama mafiga. Nilijua tangu mwanzo. Mawe makubwa, mazito, yaliyokaa jikoni tangu tuhamie, yamekaushwa na moto wa kila siku hadi ndani, hayana tone la maji la kupasua. Nikasimama pale katikati, upande huu mume, upande huu mtoto. Nikasema kwa sauti, kana kwamba ananisikia huko nyikani aliko: nisamehe, baba. Ukipotea, nimekupoteza mimi. Nikayang'oa yote matatu. Majivu yalinijaa machoni.

Niwaambie mapema msikae roho juu: alirudi. Mafiga hayakumzuia. Lakini mimi siku ile sikujua hayo, na kwa wiki zile zote nililala nikiamini kwamba nimemuuza mmoja kumnunua mwingine.

Mawe makubwa yana mwendo wake, na nilijifunza kuufuata. Ukiliharakisha linapata moto wa nje tu; unalitoa linachoma, halafu moto ule unakimbilia ndani kwenye ubaridi na kukuacha na jiwe la uongo. Kwa hiyo unaliweka pembeni mwa makaa tangu alfajiri, unaligeuza, unaligeuza tena, unalipa muda mpaka joto liingie lifike katikati. Ukilitoa halilazwi palepale. Unalifukia kwenye majivu lipumzike, nje na ndani vipatane. Hapo ndipo unalifunga. Jiwe lililoandaliwa hivyo halina papara. Linatoa joto kidogo kidogo kwa saa nyingi, na ukilishika baadaye bado linakusubiri. Moja lilikuwa motoni, moja kwenye majivu, moja kwa mtoto, yakipokezana. Chungu nilikiegemeza kwenye matofali mabovu, kikaanguka mara mbili na uji wote, sikujali.

Mtoto akaanza kunyonya mwenyewe. Kidogo, anachoka, analala mdomoni. Lakini swali la yeyo lilikuwa palepale. Alikuja, akaona mekoni hamna mafiga. Kisha akauliza: "Moto ya mtoto, ama moto ya jiwe?" Nikamjibu ukweli safari hii. Nikasema, "Yeyo, sijui." Akaitikia kwa kichwa, akaketi kizingitini kwa muda mrefu, mgongo wake umenigeukia. Ndiyo mara ya kwanza mtu aliketi nyumbani kwangu kwa muda huo tangu nizae. Nilitamani asiondoke. Aliondoka.

Homa ilinishika siku ya soko la Ngaramtoni. Naikumbuka kwa sababu yeyo alipita asubuhi na mbuzi wawili wa kuuza, akapaza sauti njiani, nikamwitikia. Nilikuwa tayari nasikia baridi mifupani, lakini wakati ule nani alikuwa hasikii baridi? Nikabadilisha jiwe, nikamnyonyesha, nikamfunika. Nikajiambia nitaketi kidogo nipate nguvu ya kwenda kuchukua kuni. Ukuta ukaanza kuzunguka. Nakumbuka nilijaribu kuuambia moto usizimike.

Nilipofumbua macho mwanga wa mlangoni ulikuwa wa jioni. Sikuwa na nguvu ya kuinua kichwa. Meko ilikuwa ya kijivu, hata moshi hakuna. Mdomo umekauka, meno yanagongana. Kisha nikakumbuka kwamba nina mtoto.

Sijui nilifikaje kwenye mkeka wake. Niligusa jiwe kwanza, kwa kuogopa kumgusa yeye. Lilikuwa baridi, baridi ya jiwe la mferejini, hakuna kitu kilichobaki ndani yake. Nikamgusa mtoto shavuni. Naye alikuwa baridi. Nikamgusa kwa midomo, chini ya sikio, pale ninapopaamini. Baridi. Tumbo, baridi. Kwapa, baridi. Hakuguna. Nikatoa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena maishani.

Ni sauti hiyo aliyoisikia yeyo akitoka sokoni. Aliingia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alivuka kizingiti, akatupa mzigo wake chini, akapiga magoti kando yangu. Nikamwambia amekufa, amepoa, yeyo, amepoa. Nilikuwa namkumbatia siwezi kumwachia. Alinishika kifundo cha mkono, na mara akanitazama usoni, akanishika paji, akasema neno la kwao. Kisha akaivua mikono yangu kutoka kwa mtoto, taratibu, kidole kimoja kimoja.

Mikono yake mwenyewe ilikuwa imetoka kwenye ukungu wa barabara nzima ya Ngaramtoni. Hakumgusa nayo. Aliitia makwapani mwake, chini ya shuka, akangoja. Mimi nalia, yeye anangoja, hata haharakishi. Nilimchukia. Alipoona inatosha aliitoa, akakiweka kiganja kwenye jiwe. Akakaa hivyo. Akakihamishia kifuani kwa mtoto, akakaa hivyo. Akarudi kwenye jiwe, akarudi kwa mtoto, mgongoni, miguuni, hadi kwenye nyayo.

"Jiwe imekufa," akasema. "Mtoto iko moto."

Sikuelewa. Nikamwambia nimemgusa mwenyewe, ni baridi. Akachukua kiganja changu akakiweka kwenye shavu lake yeye, mtu mzima aliyetembea kutoka sokoni, na nikamhisi baridi kama maiti. Ndipo nikajua. Homa ilikuwa imenichoma kiasi kwamba dunia nzima ilikuwa baridi mkononi mwangu. Mwanangu alikuwa amelala tu. Alikuwa amekaa mchana kutwa kando ya jiwe lililokufa, bila moto, bila mama, akajipasha mwenyewe.

Yeyo alimwinua. Akamtazama usoni kwa muda, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, ile baraka ya wazee, akasema maneno mengi ya kwao kwa sauti ya chini. Mtoto akaamka, akalia. Kilio chenyewe kilikuwa cha kelele, cha mtu mwenye njaa na hasira. Nilikuwa sijawahi kukisikia.

Akamweka kwenye ziwa langu, akatoka, akarudi na kuni na kaa la moto kutoka nyumbani kwake. Akawasha meko. Akaviringisha mafiga mawili mpaka kwenye ndimi za moto, akachuchumaa anayageuza, anapuliza, anayageuza, giza linaingia na yeye hajaondoka. Nikaanza kumwelekeza kutoka pale nilipolala, maana niliona anakosea. Nikamwambia yeyo, usiliharakishe, lifukie kwanza kwenye majivu, na kitambaa cha mtoto ni kile cha bluu pale ukutani.

Hakukichukua kile kitambaa. Alivua shuka yake ya juu, akalifunga figa, akaja nalo amelikumbatia kwa mikono miwili, akanigeuza ubavu.

"Hii si ya mtoto," akasema. "Hii ni ya wewe."

Akalilaza mgongoni mwangu, akanifunika, akaketi pale.